Kwenu Mnaumwaje?

Muhula mzima Balozi aliumwa. Aliumwa Jumatatu asubuhi, akaumwa tena Alhamisi baada ya chakula cha mchana, na ile wiki aliyoshikwa na mafua ya kweli ndiyo pekee aliyoruhusiwa kukaa kwenye kiti kama mtu mwenye afya zake.

Ugonjwa wenyewe ulikuwa wa kupangiwa. Katika darasa la uuguzi la mwaka wa pili, yeye peke yake ndiye aliyetoka nchi nyingine, na somo lilikuwa linaitwa Kuwahudumia Wagonjwa wa Mila Mbalimbali. Sasa hapo unadhani nani angelala kitandani? Sanamu la mafunzo lilikuwepo, jitu la plastiki lenye goti lililopasuka ambalo wanafunzi walikuwa wakiliita Bwana Plastiki. Lakini Bwana Plastiki hakuwa na mila. Balozi alikuwa nazo. Au ndivyo wenzake walivyoamua.

Hilo jina la Balozi hakujipa mwenyewe. Wiki ya kwanza mhadhiri alisema, "Jamani, tumepata balozi wetu," darasa likapiga makofi, naye akachekelea kama mtu aliyepandishwa cheo. Hakujua kwamba ameajiriwa bila likizo. Balozi, kwenu mnaoaje? Balozi, kwenu mnazikaje? Balozi, kwenu mtoto akilia usiku anabembelezwa na nani? Hakuna aliyewahi kumuuliza yeye, yeye kama yeye, anapenda timu gani au kwa nini anakula huku amesimama. (Alikula amesimama kwa sababu viti vya kantini vilikuwa vibovu. Hilo nalo Kiranja wa darasa aliliandika kwenye daftari kama desturi.)

Mhadhiri wao, mama wa makamo mwenye miwani ya kuning'inia kwa mnyororo, wanafunzi walimwita Mama Mila akiwa hayupo. Hakuwa mtu mbaya, na hapo ndipo palipomuudhi Balozi zaidi. Mtu mbaya unamchukia mara moja, unalala. Huyu alikuwa anatabasamu. Anakushika bega. Anakuita mwanangu huku anakuelekeza kitandani.

"Haya, Balozi, panda," alisema Alhamisi moja, zikiwa zimebaki wiki chache kabla ya mtihani wa vitendo. "Leo umeletwa na maumivu ya tumbo, unaogopa sindano, na unaamini umerogwa."

"Siamini nimerogwa, mwalimu."

"Ni mfano tu, mwanangu."

"Basi mfano autoe mwingine. Hata Kiranja ana tumbo."

Darasa likaangua kicheko. Kiranja, msichana aliyekuwa kiongozi wa darasa, mwenye kalamu za rangi nne na sura ya mtu anayesahihisha hata hewa anayovuta, hakutaka kupitwa. "Tumbo langu la hapahapa," alisema. "Halina la kutufundisha."

Walicheka tena. Balozi hakucheka. Alisogea karibu na Mama Mila, akashusha sauti.

"Mwalimu, nakuomba. Muhula huu sijawahi kushika mkanda wa presha. Mtihani unakuja. Leo tu nisimame, mwingine alale."

"Zamu yako utaipata."

"Lini?"

"Zamu ipo tu, usiwe na haraka. Panda, muda unatutupa mkono. Halafu hiyo lafudhi yako usiifiche. Iongeze kidogo, wenzako wazoee."

Iongeze kidogo! Kama chumvi vile. Balozi aliuma meno mpaka taya likamuuma, akavua viatu, akapanda kitandani.

Wenyeji wangeweza kuuchezea mtihani ule. Mwenyeji akianguka anarudia mwaka, anapiga kelele za wiki moja, maisha yanaendelea. Kibali cha kusoma cha mgeni hakina mwaka wa ziada. Ukianguka, unafunga begi. Na huko nyumbani alikuwepo dada yake, aliyemlea tangu wazazi wao wafariki, mfuaji wa mashuka ya hospitali, mikono imechunika kwa dawa ya kuulia madoa. Dada alikuwa ameshawatangazia wafuaji wenzake wote kwamba muhula ujao mdogo wake anaingia wodini na sare nyeupe. Angemwambia nini? Dada, nimeanguka kwa sababu nilikuwa naumwa vizuri mno?

Basi alikuwa amelala, macho kwenye dari, Kiranja akaja kando ya kitanda akiwa muuguzi wa siku hiyo, daftari mkononi, na wengine nyuma yake wamejipanga nusu duara.

"Balozi, kwenu muuguzi akimwendea mgonjwa anaanzaje?"

Swali hilo alishalijibu mara mbili. Anasalimia, alisema, halafu anauliza wapi panauma. Kama hapa tu. Mara zote mbili aliona kalamu zikishuka na nyuso zikinyong'onyea, kama watu waliokwenda kutazama simba wakaonyeshwa paka. Sasa akazitazama zile kalamu zilizokuwa zinamsubiri, akaona bora awape wanachokitaka.

"Anagonga chuma cha kitanda mara mbili," alisema.

Kalamu zikaruka.

"Halafu?"

"Halafu anageuka. Anampa mgonjwa mgongo."

"Mgongo kabisa?"

"Mgongo mzima mzima, si nusu. Anasimama hivyo, kimya, mpaka mgonjwa akohoe. Akimtazama kabla hajakohoa, ameutukana ukoo mzima, na waliokufa wamo."

Kisha akasubiri kicheko. Hapo alikuwa amewawekea mlango wazi kabisa. Mtu yeyote aliyewahi kukaa naye hata dakika mbili, akamjua kwamba kijana huyu haongei bila kutania, angesema, "Acha uongo wako, wewe!" Wangecheka, naye angecheka, na labda siku ile ingeishia vizuri. Hakuna aliyecheka. Balozi hatanii. Balozi anawakilisha.

Mama Mila alivua miwani, macho yakimng'aa. "Mnaona, jamani? Hii haimo kwenye kitabu chochote!"

Ingekuwamo vipi, Balozi aliwaza, wakati nimeitunga sasa hivi?

Siku hiyo darasa zima lilipita pale kitandani mmoja mmoja. Ko, ko, kwenye chuma. Geuka. Kimya. Yeye anakohoa. Wa tatu alipogeuka, Balozi alijifunika shuka usoni akacheka mpaka machozi yakalowesha mto, na Mama Mila akawaeleza wengine kwa sauti ya chini kwamba kujifunika nako huenda ni sehemu ya heshima.

Jioni, bwenini, kile kicheko kilikuwa kimeshamchachia. Alipanga kusema ukweli kesho yake. Kesho yake ikafika na mwongozo wa mtihani, umepigwa chapa na kubandikwa mlangoni, na humo ndani, chini ya presha na joto la mwili, kumpa mgonjwa mgongo kumetengewa maksi. Balozi aliusoma akiwa amesimama. Akausoma tena. Angeweza kwenda kubisha ofisini. Badala yake akajiambia, wacha wageuke. Muhula mzima wamenigeuza mimi.

*

Siku ya mtihani Mama Mila alikuja na jambo jipya. Alikuwa amezunguka mjini akialika watu wa kutoka nje, wanaoishi na kufanya kazi humo, waje kuwa wagonjwa. "Watu halisi!" aliwaambia wanafunzi kwenye korido, akisugua viganja. Kwa hiyo siku hiyo Balozi hakuwa mgonjwa. Siku pekee aliyopona ilikuwa siku ya mtihani.

Alikuwa kwenye benchi, akisubiri zamu yake, mama mmoja mnene alipoketi kando yake akipumua kwa nguvu. Mama huyo alikuwa msusi mwenye saluni nyuma ya soko. Alimtazama Balozi usoni, akatazama viatu vyake, kisha akamsemesha kwa lugha ya nyumbani.

Moyo wa Balozi ulianguka ukalala sakafuni.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu! Kumbe sikukosea. Hivi viatu huvipigi rangi? Haya, tuyaache." Alikuwa na furaha ya mtu aliyevaa nguo ya kutokea. "Nimefunga saluni leo. Wateja nimewaambia, nimeitwa chuo kikuu. Wanataka kujifunza namna ya kutuhudumia sisi. Nikasema afadhali, ingawa wamechelewa."

"Wamechelewa kwa nini, mama?"

"Mume wangu alifia hospitali ya mji huu. Kitanda cha mwisho, karibu na choo. Kila nikienda pale kaunta kuuliza anaendeleaje, nazungumza na mgongo. Mtu anaandika, anapanga faili, anaongea na mwenzake, mimi naongea na mgongo wake. Sijui hata sura zao." Alijikanda goti. "Sasa hivi naumwa hili goti kwelikweli, sitaigiza. Wakijua kunitazama na kuniuliza, nitafurahi. Basi."

Balozi aliinuka kama aliyekaa juu ya mwiba. Alimkuta Mama Mila mlangoni.

"Mwalimu, ile ya mgongo, naomba nikuambie…"

"Kimya kwenye korido! Mtihani umeanza, hakuna kuulizana."

"Lakini mwalimu…"

"Nimesema kimya!"

Akarudi kukaa. Na kilichomkasirisha kuliko vyote ni kwamba, aliponyamazishwa, alihisi nafuu.

Walimwita Msusi, akaingia akichechemea, akalazwa kitanda cha kwanza. Waliokuwa wakisubiri zamu, Balozi akiwemo, waliingizwa wakaketi upande wa pili wa pazia. Huwaoni walio ndani, lakini unasikia hata shuka likikunjwa. Kiranja ndiye aliyeingia wa kwanza, kama kawaida yake.

Ko, ko.

"Karibu, mwanangu," Msusi alisema.

Kimya.

"Mwanangu? Umedondosha kitu?"

Kimya.

"We binti! Mbona unanionyesha kisogo? Nywele za kisogoni zenyewe zimekatika, umeziunguza na dawa, lakini sikuja kutazama nywele. Mimi naumwa goti!"

Ikasikika sauti ya Mama Mila, ya kunong'ona, tamu kama ya mtu anayemkumbusha mtoto shairi. "Mama, kohoa."

"Nikohoe nini? Nimesema goti!"

"Ukikohoa ndipo atageuka. Ni desturi ya kwenu."

"Desturi ya nani?"

Hapo hata waliokuwa wanatafuna kalamu waliacha. Kitanda kililia, miguu ikatua sakafuni kwa kishindo.

"Nimeuliza, desturi ya nani? Nani kawaambia sisi tunapeana migongo? Nimekaa nchi hii mpaka nimezeeka, nimepewa migongo kaunta, nimepewa migongo ofisini, leo nafunga saluni yangu niletwe chuo kikuu nipewe mgongo kwa maksi? Nani kawaambia?"

"Balozi!" Kiranja alilia. Alikuwa analia kweli. "Ni Balozi ametuambia!"

Pazia likavutwa, pete zake zikikwaruza chuma, na Balozi akajikuta anatazamwa na kila jicho lililokuwa chumbani, pamoja na macho ya Bwana Plastiki kule kwenye kona.

"Wewe?" Msusi alisema. "Wewe niliyekuitikia marahaba hapo nje? Nikakuhadithia kitanda cha mume wangu?"

"Mama, nilikuwa natania."

"Ulimtania nani? Hawa walicheka?"

"Hawakucheka."

"Basi mtaniwa nilikuwa mimi." Mkono mmoja ulikuwa umeshika chuma cha kitanda. "Miaka yote nasema, wale wauguzi hawana adabu. Kumbe nitaambiwa tuliwafundisha sisi!"

 Mama Mila akaingilia.

"Umenivunja moyo, kijana. Umedanganya darasa zima. Nilikuamini."

Labda angesema lolote lingine angemkuta Balozi amelainika, amejiinamia, tayari kuomba radhi kwa magoti. Lakini hilo la kuamini lilimwingia kama sindano ya mwanafunzi wa mwaka wa kwanza.

"Uliniamini? Mara mbili nilisema kweli, mwalimu! Nilisema kwetu muuguzi anasalimia na anauliza panapouma, kama ninyi. Kiranja, si nilisema? Uliandika?"

Kiranja alijifuta pua. "Sikuandika. Hakukuwa na kitu."

"Mmesikia? Hakukuwa na kitu! Nikisema tunafanana, hakuna kitu. Nikisema upuuzi, unapigwa chapa." Sauti ilikuwa imempanda na hakuwa na haja ya kuishusha. "Mlitaka niogope sindano, nikaogopa. Mlitaka nirogwe, nikarogwa. Lafudhi nikaiongeza mpaka mimi mwenyewe sikujielewa! Nikaomba zamu moja ya kusimama, moja tu, nikaambiwa zamu ipo. Iko wapi? Utajuaje nikisema uongo, mwalimu, wakati hujawahi kuzungumza nami ila nimelala?"

 Mama Mila aliivaa miwani yake. Wekundu ulikuwa umempanda kutoka shingoni hadi masikioni, na alipozungumza sauti yake ilikuwa kavu.

"Umemaliza? Zamu yako ndiyo hii. Mtihani ni mtihani. Ingia."

Akaingia. Msusi alikuwa amerudi kuketi ukingoni mwa kitanda, amepakata mkoba kama mtu anayesubiri gari.

"Huyu asinishike," alisema.

Balozi alivuta kiti, akaketi mbele yake ili macho yao yalingane. Hakugonga kitu. "Shikamoo, mama. Nikuhudumie au niondoke?"

Msusi hakuitikia. Alimtazama, kisha akausukuma mkono mbele kama anayempiga mtu ngumi. "Pima. Upime haraka niende zangu."

Balozi akauchukua mkanda wa presha. Alikuwa ameuona ukifungwa mara nyingi, ukifungwa kwenye mkono wake mwenyewe, mpaka akadhani anaujua. Akauzungusha, akaubana, akaanza kuminya kile kipira. Mirija ilikuwa imetazama juu, begani. Mkanda ukavimba upande mmoja, ukajisokota, kisha gundi yake ya kitambaa ikaachia kwa mlio mrefu wa kuchanika na mkanda wote ukaanguka sakafuni.

"Na kazi yenyewe huijui!" Msusi alisema.

"Siijui, mama."

Akauokota. Akaufunga tena vilevile. Nyuma yake alisikia mtu akihema kwa uchungu.

"Geuza!" Kiranja hakuweza kujizuia. "Mirija ikae chini, kwenye kiwiko, bwege wewe! Unaniumiza macho!"

"Hakuna kusaidiana," Mama Mila alisema, lakini hakusema kwa nguvu. Alikuwa ameacha kuandika.

Mara ya pili mkanda ukaachia tena. Muda ukaisha. Balozi aliukunja taratibu, akauweka kwenye trei, na akamwona dada yake wazi kabisa, ameinama juu ya beseni la mashuka, anageuka kuuliza.

"Umeanguka," Mama Mila alisema.

"Najua."

Msusi alikuwa anafunga kilemba chake, mdomo umejaa pini. Akazitema kiganjani. "Na yule binti?"

"Samahani?"

"Yule wa nywele zilizoungua. Yeye amepata ngapi?"

Mama Mila alitazama karatasi iliyokuwa mkononi mwake. Kila mtu akaitazama. Kipengele cha kugonga kilikuwa na alama ya vema. Cha kugeuka, vema. Cha kusubiri kimya, vema, na Mama Mila alikuwa ameongeza nyota pembeni kwa wino mwekundu.

"Amefuata mwongozo," alisema polepole.

"Kwa hiyo aliyenipa mgongo amefaulu," Msusi alisema, "na huyu mjinga aliyeketi na kunisalimia ameanguka. Andika hivyo. Andika vizuri, kwa maandishi makubwa, nikaibandike saluni wateja wasome."

 Alitoka akichechemea, na alipompita Balozi hakumtazama. Yule mtu aliyekuwa anadai kutazamwa alimpa mgongo, makusudi, hatua kwa hatua, mpaka mwisho wa korido. Balozi alisimama akaupokea wote.

Mama Mila aliikunja ile karatasi mara mbili. Akaikunja tena, mpaka haikukunjika. Halafu akautoa mwongozo uliobandikwa mlangoni, kona moja ikabaki na gundi yake.

"Mtihani umefutwa," alisema. "Mtarudia wiki ijayo. Wote."

Zogo lililozuka humo ndani usiombe. Wengine walimtukana Balozi, wengine walimtukana hata Kiranja kwa kuingia wa kwanza, mmoja alilaumu hata goti la yule mama. Balozi akawaacha waseme. Alikuwa na hasira za kutosha, hakuhitaji kuazima za mtu.

"Wiki hii yote," Mama Mila aliendelea, akiongea na trei badala ya kumwangalia mtu, "Balozi atasimama. Nani atalala?"

Watu walichunguza kucha zao. Kitanda kilikuwa bado kimebonyea pale Msusi alipoketi.

"Nimeuliza, nani atalala?"

Kiranja ndiye aliyevua viatu. Alivivua kwa kuvirusha, kimoja kikampata Bwana Plastiki kifuani. Akapanda, akajilaza, akautoa mkono. Macho yake yalikuwa mekundu. "Nafanya kwa sababu ukirudia ule upuuzi wa mirija mbele yangu nitazimia," alisema. "Usidhani nakuhurumia. Nimeaibika kwa sababu yako mbele ya watu."

"Sawa," Balozi alisema. Akaketi. Akachukua mkanda, akautazama, akaugeuza mirija ikae chini. Kisha akainama karibu. "Kiranja. Kwenu mnaumwaje?"

"Kama watu wote, mpumbavu wewe! Funga huo mkanda."

Balozi aligeuka kutazama nyuma yake, nusu duara ile ile. Hakukuwa na kalamu iliyonyanyuka.

Akaufunga. Akaubana zaidi kidogo kuliko inavyotakiwa, akaweka stetoskopu masikioni, akaminya kipira, na safari hii mkanda ukakaa. Akasikiliza mpaka mwisho.

"Iko juu," alisema.

"Ulitegemea iwe wapi?" Kiranja alijibu. "Pima tena."